Ulizima Namna Gani, Sifa?

Mimi simu siiamini, na simwombi mtu radhi. Kila asubuhi ninasimama mlangoni pa darasa langu hapa Masisi-centre na beseni la bluu mkononi, na wanafunzi wanapita mmoja mmoja wakitia simu zao ndani kama watu wanaotoa sadaka kwa kulazimishwa. Wananiita Mama Beseni. Wanadhani sijui. Mwezi uliopita niliwapa insha ya kuandika nyumbani juu ya mvua za mwaka huu, na watoto kumi na mmoja wakaniletea insha moja, neno kwa neno, na ndani ya insha hiyo theluji ilikuwa inayeyuka juu ya mapaa. Theluji, Masisi! Nikawauliza, "Muliiona wapi hiyo theluji?" Mmoja akanijibu bila haya, "Madame, njo telefone ilisema," yaani ndiyo simu iliyosema. Nilicheka mpaka machozi, kisha hasira ikanipanda, maana mtoto yule alikuwa ametoka kulowana njiani na mvua ileile niliyomwomba aiandike, na viatu vyake vilikuwa bado vinatoa maji. Nikamwambia kichwa cha mtu kinashinda mashini yoyote, kwa sababu kichwa kinajua kilipopita. Ninalisema neno hilo kila mwaka. Nilikuwa ninaliamini.

Habari ya kifo ilinifikia kwa simu hiyohiyo nisiyoiamini. Alikuwa Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka Pinga tangu zamani, sasa mzee, anayepiga kelele kwenye simu kana kwamba ananiita kutoka mlima wa pili. "Mama Sifa! Maître Safari amekufa! Kilio iko kwa binti yake, hapo kwenu, Masisi! Miye niko nakuya!" Nikasema pole, nikakata, nikaketi kitandani. Sikulia. Kwa miaka yote hii, mpaka nywele zangu zimegeuka, nilikuwa na hakika moja juu ya mtu yule: kwamba alituuza. Sikulitamka mbele ya watu, maana sikuwa na ushahidi wa kumwonyesha mtu, lakini ndani yangu lilikaa, na niliposikia amekufa wazo la kwanza lilikuwa kwenda kusikia watu watamsifu kwa maneno gani. Ndivyo roho yangu ilivyo. Siifichi.

Mwaka ule wa vita nilikuwa kidato cha sita, kijijini Kingi, na shule yetu ilikuwa imejaa watu waliokimbia. Walilala madarasani, wakachoma madawati kupika maharagwe, na hakuna aliyewalaumu, kwani baridi ya kwetu unaijua. Basi sisi tisa tuliobaki tukawa tunasomea kwenye salon, yaani sebule, ya Papa Janvier, ndugu ya baba yangu, nilikokuwa ninakaa. Ilikuwa chumba cha udongo chenye dirisha moja, kalenda ya parokia iliyopitwa na miaka miwili, na viti vinne. Waliochelewa walikaa juu ya gunia la mbegu. Kilichotutenga na chumba cha nyuma, ambako wanaume walikutana kuongea mambo ya usalama, kilikuwa ukuta wa matete tu. Nyuma ya nyumba, Mama Janvier alikuwa anatwanga sombe, na mchi wake ndio ulikuwa saa yetu: ukianza, ujue somo la pili limefika katikati, ukinyamaza, ujue chungu kimeshapanda motoni. Tulikula sombe na bugali siku karibu zote za mwaka ule. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani ya muhogo yaliyopondwa, ninamwona mwalimu wetu, Maître Safari, ameegemea kizingiti na chaki mfukoni, ijapokuwa ubao hakuwa nao.

Alikuwa mwalimu wa namna ambayo siku hizi simwoni tena, hata kwenye kioo changu. Ukimpa jibu baya, hakupigi. Ukimpa jibu zuri, hakusifu. Anakuangalia tu na kuuliza, "Umelipata namna gani?" Hapo ndipo jasho linakutoka. Maana jibu unaweza kuliiba kwa jirani, lakini njia yake huwezi kuiba. Lazima uwe umeipita wewe mwenyewe. Janvier, mtoto wa nyumba ile, aliyekuwa darasa moja na mimi na mtundu kuliko sisi wote, alikuwa akimwiga wakati wa kula. "Sifa, hii nyama umeipata namna gani?" Mama Janvier anamjibu kutoka jikoni, "Ameipata kwa kunyamaza, weye ongea tu, utakuta chungu imeisha." Tulikuwa tunacheka. Watu wanadhani wakati wa vita hakuna kicheko. Tulicheka sana, tena kwa sauti ya chini.

Kisha mashini ikaja. Huko Pinga kulikuwa na wanafunzi wa kidato chetu waliokimbilia kule na hawakuwa na mwalimu, na eksameni ya Leta, ule mtihani wa serikali, ilikuwa inakaribia. Papa Kasereka, ambaye pikipiki yake ilipita matopeni pale ambapo hata mbuzi walikataa, akaleta redio-kaseti kutoka Butembo, nyeusi, nzito, akasema, "Maître, ongea humu ndani. Miye nitabeba sauti yako mpaka Pinga. Kule duka yangu niko na ingine ya kuwasikilizisha." Maître Safari alifurahi kama mtoto. Alinichagua mimi kuwa mlinzi wa mashini, kwa sababu nilikuwa ninakaa nyumba ileile na, alisema, mikono yangu haikuwa na papara. Akanionyesha: unabonyeza vifungo viwili pamoja, tak! inaanza kunasa, unabonyeza cha mwisho, tak! inaacha. Kila somo lilianza na tak na kumalizika na tak, na wale wa Pinga, walivyonisimulia baadaye, walikuwa wakiisikia tak ya mwisho wanafunga madaftari. Kwa sababu ya vumbi, mashini tuliifunika na kitenge, nami niliingiza mkono chini yake bila kuangalia. Nilijivuna sana. Kabla ya hapo nilikuwa ninaijua redio ndogo tu ya Papa Janvier, ile ya habari za jioni, ambayo kuizima ilikuwa kazi yangu tangu mdogo: unazungusha kile kifundo cha sauti kwenda kushoto mpaka inanyamaza, basi, pile, yaani betri, zinapona.

Sitasema uongo: mwanzoni tulisoma vizuri. Lakini polepole nilianza kuona kitu kinachokwenda upande, na tangu siku zile nimekuwa mtu wa kuangalia vitu kwa jicho moja. Sisi tuliokuwa chumbani tukaacha kuandika. Ya nini kuchosha mkono? Iko mu kaseti! Tukajifunza kurudisha nyuma badala ya kufikiri. Nilipokuwa ninajisomea peke yangu, nilikariri somo pamoja na kikohozi cha Maître, na nikifika pale anapokohoa, na mimi nilivuta pumzi. Lakini aliyebadilika zaidi alikuwa yeye. Alianza kuongea na kitenge. Mtu akiinua mkono, anamwonyesha kwa kidole: subiri, tunanasa, pile zitaisha. Na somo likishamalizika, Papa Kasereka alikuwa nje na pikipiki yake inanguruma, anataka kuvuka mto kabla ya mvua. Kwa hiyo ile "namna gani?" yake ikapotea. Nadhani zilipita wiki sita bila kuisikia. Hatukuikumbuka, kwa sababu bila hiyo maisha yalikuwa rahisi.

Aliyeipinga mashini tangu siku ya kwanza ni Papa Janvier. Jioni moja, tukiwa kwenye sahani, aliinyooshea kidole pale pembeni ilipokaa chini ya kitenge chake. "Hii kintu inasikia, haijibu. Muntu anasikia yote na hajibu, unamwita nani?" Mama Janvier hakuinua hata kichwa. "Namwita weye, bwana yangu." Tulicheka, yeye hakucheka. "Mucheke tu. Wakati huu kila muntu anauliza ni nani anapeleka maneno. Maître ni muntu wa Walikale, hatujui kwao vizuri. Anakuya na mashini ya kukamata sauti, anaiweka mu nyumba yangu, ukuta moja na fasi tunaongelea. Miye sisemi kitu. Lakini lisemwalo lipo." Nililala na neno hilo. Asubuhi nilipomwangalia Maître anafungua kaseti mpya kwa meno, nilijiuliza kwa mara ya kwanza: anatabasamu kwa nini? Ndivyo mashaka yanavyoingia: mtu hajabadilika, ni wewe umehamia upande mwingine wa chumba.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Somo lilikuwa juu ya kumfundisha mtoto kuhesabu. Papa Kasereka alikuwa ameshapiga honi mara mbili. Maître alimaliza, akaniambia nizime, nikazima, akatoka nje kumwomba Papa Kasereka asubiri kidogo amwandikie barua mkuu wa shule. Wenzangu walitawanyika, nami nikaenda kumsaidia Mama Janvier kuosha chungu. Wanaume waliingia chumba cha nyuma. Baada ya muda Maître alirudi ndani mbio, akatoka na kaseti, akampa Papa Kasereka, na pikipiki ikaondoka. Hiyo ndiyo siku yote ninavyoikumbuka. Hakuna kitu ndani yake.

Siku nne baadaye, wenye bunduki walipanda moja kwa moja mpaka kwenye mianzi juu ya chemchemi, mahali wanaume wa Kingi walipowaficha vijana wao ili wasibebeshwe mizigo wala kupewa silaha kwa nguvu. Hawakuuliza njia. Walichukua vijana wanne, na Janvier alikuwa mmoja wao. Hakurudi. Sijui nitaandika nini zaidi hapo. Mama Janvier alikaa karibu na kinu siku mbili, mchi ukiwa miguuni pake, na hakuna aliyethubutu kumwambia ale.

Papa Kasereka ndiye aliyeleta habari ya jinsi walivyoijua njia. Dukani kwake Pinga, wanafunzi walisikiliza somo, likaisha, wakawa wanamalizia kuandika, na kaseti ikaendelea kuzunguka. Mtu mmoja mwenye bunduki alikuwa amekuja kununua sigara. Kutoka kwenye redio ikatoka sauti ya Papa Janvier, wazi kabisa, inasema vijana wapelekwe wapi. Papa Kasereka alikuwa mbele, alisikia maneno mawili tu, akakimbia kuzima, lakini yule alikuwa ameshasikia yote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni hiyo wanaume walijaa salon yetu, darasa letu, juu ya gunia letu la mbegu. Maître Safari alisimama palepale alipozoea kusimama. Papa Janvier hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Aliniita katikati. "Sifa, mutoto yangu. Siku ile, kisha somo, mashini njo nani alizima?"

"Ni miye, Papa."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika. Nilizima na mukono yangu."

Basi watu wote wakamgeukia. Mimi nilikuwa nimezima. Kama kaseti ilinasa, kuna mtu aliyerudi kuiwasha. Na ni nani aliyerudi ndani mbio, peke yake? Hesabu ilikuwa rahisi, hata mtoto angeipata. Maître hakuwaangalia wao. Aliniangalia mimi, na baada ya wiki zile zote nikasikia tena sauti yake ya zamani, ya taratibu, ya darasani. "Sifa. Ulizima namna gani?"

Chumba kililipuka. "Acha mutoto! Unataka kumuchanganya! Anasema alizima!" Mtu alimsukuma. Mimi nilisema, na nilisema kwa sauti, kwa sababu Janvier hakuwapo na nilitaka mtu alipe, "Nilizima tu, Maître! Kuzima ni kuzima!" Walimpa mpaka alfajiri awe ameondoka, na wapo waliosema hiyo ni huruma kupita kiasi. Mashini alipewa Papa Kasereka aipeleke mbali. Maître aliondoka kwa miguu upande wa Walikale, na nilisikia baadaye kwamba alikuwa Omate, kwenye machimbo ya dhahabu, anachimba kama wachimbaji wengine na kuwaandikia barua. Mimi nilifanya eksameni ya Leta, nikafaulu. Majibu yote yalikuja kwa sauti yake, na kikohozi ndani. Nikawa mwalimu. Nikanunua beseni.

Kwenye kilio nilikaa nyuma, karibu na mlango, nikiangalia nani analia kweli. Binti yake, Espérance, mwanamke mnene mwenye macho ya baba yake, aliwahudumia watu chai. Watu wa Omate waliongea vizuri juu yake, na kila neno zuri nililipima. Kisha akaja Papa Kasereka na mfuko mkubwa wa plastiki, akaketi karibu yangu, akatoa ile mashini. Ileile nyeusi. Nilitamani kuondoka. "Niliificha mu sanduku miaka yote," aliniambia kwa kunong'ona. "Na kaseti ndani. Niliogopa watasema njo miye nilipeleka maneno. Na weye ujue kitu moja. Maître alipitia kwangu Pinga mwaka ule, aliniomba, 'Kaka, nipatie ile kaseti nisikilize mara moja tu.' Nikamukatalia. Nikamwambia niliichoma. Sasa nasema, watoto yake wasikie basi sauti ya baba yao wakati alikuwa kijana. Miye mwenyewe sijaisikiliza tena."

Espérance alifurahi mpaka akapiga vigelegele palepale msibani. Watu walisogea. Papa Kasereka alibonyeza, na baada ya mkwaruzo nikasikia tak, kisha yeye, kijana, mdogo kuliko wanangu, anaeleza jinsi ya kumfundisha mtoto kuhesabu. Akakohoa, na mimi nikavuta pumzi kabla sijajizuia. Nyuma yake ulikuwapo mchi. Tu, tu, tu. Mama Janvier alikufa zamani, na pale alikuwa anatwanga. Machozi yalinitoka sasa, sikujali nani ananiona. Maître akamaliza. "Sifa, zima." Na sauti ya msichana, nyembamba, yenye kujivuna: "Nimezima, Maître."

Nikasubiri tak.

Mchi uliendelea. Tu, tu, tu, bila kukatika, bila kuruka pigo hata moja. Kama angekuwapo mtu aliyerudi kuiwasha, ingesikika tak na kabla yake pengo. Hapakuwa na pengo. Viti vilisukumwa, watoto wakatoka, mtu akacheka uani, na kicheko hicho ni cha Janvier, ningekijua kaburini. Kisha mlango wa nyuma, na sauti ya Papa Janvier, karibu kama angekuwa mgongoni pangu: "Vijana tuwapeleke mu mianzi, juu ya chemchemi. Kule hata imbwa haiwezi kuwanusa."

Nilijiambia haraka haraka kwamba kaseti imezeeka, kwamba pengine tak imefutika, kwamba vitu hivi vinadanganya. Ndiyo kazi yangu, kushuku, na nilishuku kwa nguvu zangu zote. Papa Kasereka alikuwa ameinamisha kichwa. Espérance, ambaye hakujua chochote, akaniambia kwa upole, "Hii si Papa tena, ni watu wengine. Zima basi, Mama, weye uko karibu."

"Ndiyo, nazima," nikasema.

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Haukuuliza. Ulikwenda kwenye kifundo cha sauti, ukakizungusha kushoto, taratibu, mpaka mwisho, kama nilivyofanya kila jioni tangu utoto wangu kwenye redio ya Papa Janvier. Sauti ilikufa. Watu wakarudi kwenye chai yao, na Espérance akanishukuru.

Nikainama kutazama kwenye kidirisha cha mashini. Ndani, vigurudumu viwili vilikuwa bado vinazunguka.

Njo hivi, Maître. Hivi njo nilizima.